SOMO: Kutofautisha mpira wa vyuo na wa NFL

Wengi wanaamini mpira wa NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, ni mkubwa kuliko wa vyuo vya Marekani. Sivyo. Kanuni za vyuo (za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo) ni legevu, za NFL zimebana, na ukubwa wowote unaoruhusiwa NFL unaruhusiwa pia vyuoni. Ukilishika hilo, mengine ni mepesi.

Hatua ya 1: Tazama mistari.
Mpira wa chuo una mstari mweupe wa upana wa inchi 1 karibu na kila ncha. Hauzunguki mpira mzima. Umepita tu kwenye vipande viwili vya ngozi vilivyo kando ya kamba. Wa NFL hauna mstari.

Hatua ya 2: Soma chapa.
NFL hutumia "The Duke" wa Wilson, unaoshonwa mji wa Ada, Ohio. Vyuoni kila timu huchagua mpira wake na kushambulia nao, kwa hiyo mechi moja inaweza kuchezwa kwa mipira ya kampuni mbili.

Hatua ya 3: Pima tumbo la mpira.
Usiiruke hatua hii, maana hapa ndipo penye tofauti yenyewe. Zungusha futikamba katikati ya mpira. NFL inataka inchi 21 hadi 21.25, vyuo vinaanzia 20.75. Robo inchi hiyo si ndogo kwa mrushaji mwenye kiganja kidogo, hasa mpira ukilowa. Mzunguko wa ncha kwa ncha nao: NFL 28 hadi 28.5, vyuo kuanzia 27.75.

Hatua ya 4: Uzito na upepo.
Ni sawa kote: uzito ni aunsi 14 hadi 15, na msukumo wa upepo ndani ni pauni 12.5 hadi 13.5 kwa inchi ya mraba.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, asante kwa somo. Nikifuta mistari ya mpira wa chuo, si utakuwa wa NFL?
– Hapana, ndugu. Huenda ni mwembamba mno. Rudi hatua ya 3.

Ni kweli ni ngozi ya nguruwe?
– Ni ya ng'ombe. Jina la utani tu, "pigskin" (ngozi ya nguruwe), ndilo linalotaja nguruwe.

Tom Brady, yule mrushaji wa NFL, alifungiwa kwa kosa gani?
– Ni habari ya hatua ya 4. Mipira ya timu yake, New England Patriots, ilikutwa na upepo pungufu kwenye mechi na Indianapolis Colts, Januari 2015. Brady alikana kuhusika, lakini mwaka 2016 alikosa mechi 4.