Jinsi ya kuomba Ausbildung Ujerumani, na yanayokungoja ukishaanza

Vijana wengi wa Kenya na Tanzania wanaulizia Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi ya Ujerumani ambapo unasoma chuoni na kufanya kazi kwa mwajiri kwa wakati mmoja, huku ukilipwa. Fani ni zaidi ya 300: uuguzi, ufundi magari, umeme, upishi, uokaji mikate, ujenzi. Mafunzo huchukua kati ya miaka 2 na miaka 3 na nusu, na mengi huanza tarehe 1 Agosti au 1 Septemba. Mpangilio ni huu: lugha kwanza, mkataba pili, viza tatu. Anayekuambia uanze na kumtumia pesa, achana naye.

Nasema hivyo kwa sababu. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya wafanyakazi jijini Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na mara zikaenea habari kwamba Wakenya 250,000 wametengewa ajira. Serikali ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayo hayataji idadi yoyote. Ukikutana na wakala anayekuuzia "nafasi" kwa kutaja idadi hiyo, jua anakudanganya. Kulipia kozi, mtihani, tafsiri ya vyeti na viza ni jambo la kawaida. Mkataba wa Ausbildung hauuzwi.

Hatua ya 1: Lugha

Kwa kawaida ubalozi unataka Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati. Kwa uuguzi, shule nyingi zinadai B2, ngazi inayofuata juu yake. Goethe-Institut, taasisi ya lugha na utamaduni wa Kijerumani, ina vituo Nairobi na Dar es Salaam, na cheti chake kinakubalika. Ushauri wangu kwa fani yoyote ni ufike B2 kabla ya kusafiri, hata kama utachelewa mwaka mzima. Kwenye mtihani wa B1 unasikiliza mtu anayeongea taratibu kwenye spika. Jikoni au gereji, mkuu wako anaongea haraka, mashine zinanguruma, na kama uko Bavaria, jimbo la kusini, anachanganya na lahaja ya kwao. Wengi wanaoshindwa njiani wana mikono hodari kabisa. Kinachowaangusha ni vitabu vya chuoni na maelekezo ya kazini.

Hatua ya 2: Mwajiri na mkataba

Anza kutafuta mwaka mmoja kabla. Tovuti ya serikali ya Make it in Germany ni mahali salama pa kuanzia, pamoja na ukurasa wa ajira wa Bundesagentur für Arbeit, shirika la ajira la serikali ya Ujerumani. Andaa wasifu, barua ya maombi na vyeti vilivyotafsiriwa na mfasiri anayetambulika. Barua iandike mwenyewe. Kama umewahi kumsaidia mjomba gereji au kumuuguza bibi nyumbani, kitaje, na ueleze ulikuwa unafanya nini hasa. Usaili kwa kawaida hufanyika kwa video, nao ndio mtihani wako halisi wa lugha.

Ukipewa mkataba, usisaini siku hiyohiyo. Soma muda wa mafunzo, saa za kazi, likizo, mshahara na kipindi cha majaribio. Katika fani nyingi, kima cha chini cha kisheria kwa anayeanza mwaka 2026 ni euro 724 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, kisha kinapanda kila mwaka. Wanafunzi wa uuguzi kwenye hospitali za umma hupata zaidi ya euro 1,300. Kumbuka hiyo ni kabla ya makato ya bima, na bado kuna kodi ya nyumba. Kwa fani za biashara na ufundi, mkataba husajiliwa kwenye chemba ya fani husika: IHK kwa biashara na viwanda, HWK kwa ufundi wa mikono. Muulize mwajiri kama amekwisha kuupeleka huko.

Hatua ya 3: Viza

Maombi hujazwa mtandaoni kwenye tovuti ya huduma za kibalozi ya Ujerumani, kisha unakwenda ubalozini na nyaraka halisi. Ada ni euro 75 kwa mtu mzima. Mshahara usipofikia kiwango cha kujikimu, utatakiwa kuziba pengo kwa akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo unaruhusiwa kutoa kiasi fulani tu kila mwezi, au kwa mdhamini. Kagua majina mapema: jina la babu likiwamo kwenye cheti cha kuzaliwa na halimo kwenye pasipoti, rekebisha kabla ya kuomba.

Ukishafika

Ndani ya wiki 2 baada ya kuhamia, jiandikishe makazi kwenye ofisi ya mji, ukiwa na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Kisha akaunti ya benki, bima ya afya na kibali cha ukaazi.

Chuoni utakwenda siku moja au mbili kwa wiki, au wiki kadhaa mfululizo. Kazini utapewa Berichtsheft, daftari la kumbukumbu za mafunzo. Mwanafunzi wa ufundi magari, kwa mfano, ataandika: "Jumatatu: nimebadilisha breki za mbele, nimejifunza kupima unene wa diski." Msimamizi anasaini. Lijaze kila wiki, maana bila daftari hilo hukubaliwi kufanya mtihani wa mwisho. Ukiugua, piga simu kabla ya zamu kuanza. Na usipoelewa agizo, uliza palepale. Kuitikia "ja" bila kuelewa kunaweza kumuumiza mtu.

Kipindi cha majaribio ni mwezi 1 hadi 4, na miezi 6 kwa uuguzi. Katika kipindi hicho upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila kueleza sababu. Likikupata hilo, usijifiche wala usikimbilie vibarua. Toa taarifa kwa ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, ndani ya wiki 2. Kama kosa si lako, sheria inakupa hadi miezi 6 ya kutafuta mwajiri mwingine kabla kibali hakijafutwa. Nenda na mkataba wako, barua ya kuachishwa na ripoti za chuo, na uombe upewe muda huo kwa maandishi.