Mvua Zikikatika Mapema: Namna ya Kuliandaa Shamba la Miti Kabla ya Msimu wa Moto

Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, kuanzia Mufindi na Kilolo hadi Njombe na Makete, mwaka una msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha mwishoni mwa Aprili au mwezi Mei. Kwa sababu hiyo wapanda miti wengi tumezoea kalenda moja: barabara ya moto, yaani ukanda uliosafishwa ili kuuzuia moto, hufyekwa Juni, nyasi za pembezoni huchomwa kabla ya Julai, kisha watu hulinda hadi mvua zirudi. Kalenda hiyo inafaa mwaka ambao mvua zimekwisha wakati wake. Mwaka ambao zimekatika Machi, nyasi za Juni huwa kavu kama zile za Agosti ya mwaka wa kawaida, na mtu anayewasha kiberiti tarehe ileile aliyoizoea, kwa nia njema kabisa ya kujikinga, ndiye anayeweza kuwatia hasara wanakijiji wote. Mwongozo huu ni kwa mwenye ekari mbili, tano au ishirini za misindano (paini) au milingoti (mikaratusi), asiye na gari la maji wala mnara wa kuangalizia moto kama ilivyo katika mashamba makubwa ya mfano wa Sao Hill, na ambaye inambidi apange kazi kwa kuangalia nyasi na udongo badala ya tarehe.

Kuutambua ukavu kwa mkono

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa mvua za Msimu, yaani za huo msimu mmoja mrefu, kabla hazijaanza, na hutoa pia taarifa za kila siku kumi kwa ajili ya kilimo. Zifuatilie, hasa zinapotaja wakati ambao mvua zinatarajiwa kwisha. Hata hivyo, utabiri huzungumzia mkoa au sehemu ya mkoa, ilhali shamba lako liko kwenye mteremko mmoja unaoelekea upande mmoja. Tega kopo lenye kuta zilizonyooka mahali pa wazi, upime maji kwa rula kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Mimi nikiona siku ishirini mfululizo za Machi au Aprili zimepita bila mvua ya kulowesha udongo zaidi ya urefu wa kidole, huhesabu kwamba msimu wa moto umeshaanza, hata kama mahindi ya jirani bado yana kijani.

Kisha ingia shambani mwenyewe, mnamo saa nane mchana, wakati umande umekwisha kabisa. Shika fungu la nyasi za mpakani na ulitazame kutoka shinani kwenda juu. Ikiwa nusu ya chini bado ni ya kijani na inapinda bila kuvunjika, nyasi hizo zina maji na moto ukipita utasuasua na kuacha mabaka. Ikiwa rangi ya manjano imefika shinani na fungu linasagika kiganjani, hali imekwisha kubadilika. Chini ya misindano kipimo ni rahisi zaidi: okota sindano (jani la msindano) iliyokauka iliyo juu kabisa ya tandiko la majani yaliyoanguka, uikunje polepole ili ncha zake mbili zikutane. Ikikunjika hadi kuwa duara, bado ina unyevu. Ikivunjika kabla ya kufika nusu ya mkunjo, inangoja cheche tu.

Usiondoke bado, kwa sababu kipimo kinachosahauliwa ndicho chenye uzito mkubwa. Fukua tandiko la sindano kwa vidole hadi kwenye udongo. Mwaka wa kawaida utakuta tabaka la chini limeshikana, lina utando mweupe wa kuvu, na lina harufu ya uyoga. Mwaka wa ukame vidole hushuka hadi kwenye udongo bila kukutana na ubichi wowote, na maana yake ni kwamba moto ukija hautapita juu juu, bali utashuka kwenye mizizi na visiki na kukaa humo kwa siku nyingi. Ukikuta hali hiyo mwezi Mei, jiandae kwa kazi ngumu ya kuzima, kuliko ile uliyoizoea.

Kuna pia jambo la jalidi, ambalo wageni wa nyanda hizi hulisahau. Kati ya Juni na Agosti, mabonde ya juu ya Makete, Njombe na Mufindi hupata usiku wa baridi ambapo umande huganda juu ya nyasi. Bonde lililokuwa la kijani jioni, ambalo mwenye shamba alilitegemea kama ngao upande wa chini, baada ya siku chache huwa limegeuka kuwa mabua makavu. Kwa hiyo usilihesabu bonde kama kizuizi isipokuwa lina maji yanayoonekana.

Barabara ya moto

Anza upande ambao moto hutoka, hata kama si upande ulio karibu na njia ya kwenda nyumbani. Kwa mashamba mengi ya huku ni upande wa chini, kwenye mabonde ya vinyungu (bustani za bondeni zinazolimwa kiangazi), na upande unaopigwa na upepo wa kiangazi. Moto unaopanda hutangulia kukausha na kupasha moto nyasi zilizo mbele yake, na kanuni inayotumiwa na wazima moto ni kwamba kila mteremko unapoongezeka kwa nyuzi 10, mwendo wake hukaribia kuongezeka maradufu. Kwa hiyo barabara ya upana wa mita 10, ambayo inatosha kwenye tambarare, haitoshi chini ya mteremko mkali. Huko iongeze hadi mita 15 au 20, au uipeleke juu kwenye mgongo wa kilima, ambako moto hupoteza nguvu. Mkipakana na jirani, kila mmoja atoe mita tano au zaidi upande wake, na mkubaliane mapema, kwa kuwa mti uliokwisha pandwa mpakani ni mgumu kuung'oa kuliko maneno.

Barabara inapaswa kufika kwenye udongo mtupu. Kosa ninaloliona kila mwaka ni la mtu kufyeka nyasi na kuziacha zimelala palepale. Baada ya siku tatu za jua zinakuwa zulia kavu linalopeleka moto vizuri kuliko zilipokuwa zimesimama. Fyeka, kokota kwa reki, kisha lima kwa jembe hadi mizizi ya nyasi itoke, na masalia yaende nje ya barabara, mbali na miti yako na ya jirani. Njia isiyoumiza mfuko ni kupanda maharage au viazi mviringo kwenye eneo la barabara wakati wa mvua, kwani ukivuna udongo unabaki wazi bila kibarua cha ziada. Penye mteremko acha matuta ya kukingama kila baada ya hatua kadhaa, la sivyo mvua za Novemba zitaigeuza barabara yako kuwa korongo.

Upande wa ndani wa barabara, miti inapoanzia, pogoa matawi ya chini ya safu tatu au nne za kwanza za misindano hadi urefu wa mtu aliyenyoosha mkono, ikiwa umri wa miti unaruhusu, na uyatoe nje matawi hayo. Matawi ya chini ndiyo ngazi ambayo moto wa nyasi huitumia kupanda kileleni, na moto ukishafika kileleni hakuna cha kufanya kwa mikono.

Kuchoma mapema, au kutochoma kabisa

Kuchoma nyasi za pembezoni mapema, wakati zina ubichi nusu, ni desturi nzuri ya nchi za miombo, kwa sababu moto wake ni mdogo na hupunguza chakula cha moto mkubwa wa Septemba na Oktoba. Faida hiyo yote inategemea ule ubichi. Kama vipimo vya mkono vimeonyesha kwamba nyasi ni za manjano hadi shinani, wakati wa kuchoma mapema umekupita, hata ikiwa ni mwezi Mei, na hakuna hila itakayourudisha. Tumia jembe tu mwaka huo. Ni kazi yenye gharama na inachosha, lakini sijawahi kumsikia mtu akijutia barabara aliyoilima.

Kama ubichi bado upo, pitia kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina masharti juu ya moto, vijiji vingi vina sheria ndogo zake, na kibali kilichoandikwa kitakulinda wewe mwenyewe. Wajulishe majirani wa pande zote siku moja kabla. Lima mistari miwili iliyo sambamba, kisha uchome nyasi zilizo katikati yake tu, ukianza saa kumi jioni au baadaye, kwa upepo mwepesi wa upande mmoja unaotikisa majani bila kuyumbisha matawi. Washa moto upande ambao utaulazimisha kurudi dhidi ya upepo na kushuka mteremko. Usichome hata kidogo chini ya misindano michanga, ambayo gome lake ni jembamba na hufa kwa joto tu bila kuguswa na ndimi za moto.

Kuzungumza na watu kabla ya Mei

Radi huku huja pamoja na mvua, hivyo moto wa kiangazi karibu wote una mtu nyuma yake: anayesafisha kinyungu, mchoma mkaa aliyeacha tanuri, mrina asali aliyedondosha kijinga cha moto, mchungaji anayetaka majani machipukizi, vijana wanaosaka panya. Kuwatisha kwa mabango hakujawahi kusaidia sana. Kinachosaidia ni kikao cha kitongoji kinachofanyika kabla watu hawajaanza kusafisha vinyungu, ambapo mnapanga siku za kuchoma masalia kwa bonde zima, watu wakiwepo wa kutosha, badala ya kila mmoja kuchoma kwa wakati wake. Mwaka wa ukame kikao hicho kiletwe Machi au Aprili, kwa kuwa vinyungu navyo huanza mapema mvua zikikatika.

Na mtu akisema kikaoni kwamba huku kwetu kuna baridi, moto hauwezi kushika, mkumbushe moto wa Oktoba 2020 katika Mlima Kilimanjaro, ulioteketeza maelfu ya hekta za uoto katika miinuko yenye baridi kuliko Mufindi. Uoto mkavu huungua hata hewa ikiwa ya baridi.

Mwenye simu yenye intaneti anaweza kuangalia ramani ya FIRMS ya NASA, inayoonyesha bila malipo mahali ambapo setilaiti zimeona joto la moto, kwa kawaida ndani ya saa chache. Inasaidia kujua moto uliokuwa mbali jana umefika wapi leo. Hata hivyo, setilaiti hupita mara chache kwa siku, na jicho la jirani aliye kilima cha pili huwahi kuona moshi.

Moshi ukionekana

Andika namba za watu kumi walio karibu kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango, maana simu huzimika. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, nayo ipigwe mara moja, lakini kwa umbali wa vijiji vyetu wanaofika kwanza ni majirani. Vifaa viwekwe mahali pamoja kuanzia siku mvua zinapokatika: majembe, mapanga, reki, bomba la mgongoni la kupulizia dawa lililooshwa vizuri na kujazwa maji, na vipigio vya moto, ambavyo hutengenezwa kwa kufunga kipande cha mpira wa tairi kuukuu kwenye mpini mrefu. Kipigio hukandamizwa juu ya moto na kuburutwa. Ukikipiga kama anayetwanga, unarusha cheche nyuma yako. Vaa nguo za pamba na buti za ngozi. Nailoni huyeyukia mwilini, na buti za mpira hazifai kwenye majivu ya moto.

Moto una kichwa (mbele unakokwenda), mbavu (pande zake mbili) na mkia (nyuma ulikotoka). Usikimbilie kichwa. Anzia mkiani, mahali palipokwisha ungua, muende wawili wawili mkizima ubavu mmoja baada ya mwingine na kukibana kichwa polepole, huku sehemu nyeusi iliyoungua ikiwa daima nyuma yenu kama mahali pa kukimbilia. Ndimi zisizozidi kiuno cha mtu, kama mita 1.2, zinaweza kukabiliwa kwa vifaa vya mkono. Zikizidi hapo rudini kwenye barabara na muusubiri huko. Asisimame mtu yeyote juu ya moto kwenye mteremko, hata kama ni miti yake ndiyo inayoungua.

Ndimi zikizimika, kazi iliyobaki ni ndefu kuliko iliyokwisha. Mwaka mmoja wa ukame tulizima moto kwenye kona ya shamba letu siku ya Jumapili, tukarudi nyumbani tumechoka na tumefurahi. Jumatano mchana upepo ukaibua cheche kutoka kisiki cha mlingoti ambacho mizizi yake ilikuwa ikiungua chini kwa chini, na robo ekari ya misindano ya miaka mitatu ikateketea tukiwa tunakula. Tangu hapo hupita ukingo wote ulioungua nikiwa na jembe, nafukua kila kisiki kilicho ndani ya mita 20 kutoka ukingoni, nalaza nyuma ya kiganja karibu na udongo bila kugusa ili kusikia joto, namwaga maji na kukoroga hadi liwe tope. Mlinzi hubaki mchana na usiku kwa siku tatu, na kama lile tandiko la chini lilikuwa kavu hadi kwenye udongo, huongeza ziwe siku saba.

Manyunyu ya kwanza ya mwishoni mwa Oktoba au Novemba huwafanya wengi waondoe walinzi. Kabla hujawaondoa wako, rudi chini ya misindano saa nane mchana, okota sindano na uikunje, kisha fukua tandiko kwa vidole. Mvua iliyolowesha juu tu hukauka kwa mchana mmoja wa jua; subiri hadi ubichi ushuke mpaka kwenye udongo.