Mashine ya kuchomelea ikigoma, usianze na bisibisi

Wakuu, kila mara mtu ananiletea inverta, hii mashine ndogo ya kuchomelea, hapa kijiweni Nkuhungu, Dodoma, "fundi hii imekufa", naichomeka inawaka vizuri tu. Ngoja niwawekee mtiririko ninaoufuata mimi, msiruke hatua.

Hatua ya 1, umeme. Rodi inanata, moto hafifu, unaongeza ampia wapi. Usipime volti mashine ikiwa imetulia maana itakusomea 225 na utajidanganya, mwambie kijana achomelee huku wewe umeweka maltimita pale mashine inapochomekwa, ikishuka mpaka 180 mashine haina kosa. Mimi nilishapoteza siku nzima kwenye geti la mtu kule Ihumwa, nabadilisha rodi, nalaumu mashine, kumbe ekstensheni yangu waya wa 1.5 (unene, milimita za mraba), mita 50, na nusu yake bado imeviringishwa, kuigusa ya moto kama chapati imetoka jikoni. Waya huo ukivuta ampia 20 unakula kama volti 24 njiani kabla hujafanya kitu. Siku hizi natumia wa 4, mfupi, naukunjua wote.

Hatua ya 2, athi, yaani ule waya wenye klampu unaobanwa kwenye chuma unachochomelea. Hapa ndo wengi tunafeli. Klampu umeibana juu ya rangi au kutu, halafu unashangaa moto unakatikakatika. Piga grenda kidogo mpaka chuma king'ae ndo ubane. Kisha chomelea rodi mbili, zima, pitisha mkono kwenye klampu, holda inayoshika rodi na zile plagi za mbele ya mashine, penye joto kuliko pengine ndo pamelegea, kata waya ulioungua funga upya.

Hatua ya 3, rodi. Rodi ya milimita 2.5 iweke ampia 70 mpaka 90, basi. Kama pakti ilinyeshewa masika zinarusha cheche na kutoboa vitundu, anika au badilisha.

Hatua ya 4, taa ya njano imewaka na moto umekata. Hiyo ni joto, USIZIME, acha feni izunguke mpaka taa izime yenyewe. Nyuma kibandiko kikisema 60% maana yake kwenye dakika 10 unachomelea 6 unapumzisha 4. Ikiwaka mapema kuliko zamani basi ni vumbi, na vumbi letu la Dodoma kiangazi likichanganyika na unga wa chuma wa grenda linashika saketi na linapitisha umeme, hilo ndo linaua mashine nyingi huku. Chomoa kwenye soketi, subiri angalau dakika 10 maana kapasita zinabaki na volti zaidi ya 300, zitakurusha, hakikisha na maltimita ndo upulize kwa blowa. Feni izuie na kijiti isizunguke. Na mashine usiielekezee cheche za grenda jamani, mnaiweka miguuni kabisa!

Hatua ya 5, ukiwasha tu breka inaruka hapo hapo. Usirudishe mara ya pili, usiweke breka kubwa zaidi. Hapo kuna kitu kimepiga shoti ndani, mara nyingi daraja la dayodi au transista za nguvu, vipande vya ndani vinavyobadilisha umeme, mpelekee fundi elektroniki na umwambie vifaa vilivyotolewa akurudishie uvione.