Tangazo limetoka Ijumaa: mwalimu wa Bagamoyo awe tayari na nini

Matangazo ya nafasi, mafunzo na uteuzi kwa walimu wa serikali hayakai wazi muda mrefu. Mengine hupewa wiki mbili, mengine siku tatu. Mwalimu wa Dunda au Magomeni hulisikia siku hiyo hiyo. Wa Fukayosi au Makurunge hulipata kwenye kundi la WhatsApp likiwa limeshapita mikono mingi, na pengine picha imekatwa pale palipoandikwa tarehe ya mwisho. Hata hivyo, wanaokosa nafasi si wale wa mbali peke yao. Wengi hukosa kwa sababu jalada lao lina pengo ambalo halizibiki kwa siku tatu, au wamepeleka ombi kwenye ofisi isiyohusika. Mambo hayo mawili yanarekebishika kabla tangazo lolote halijatoka.

Jua kwanza nani anashika nini

Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC, iliundwa kwa Sheria Na. 25 ya mwaka 2015 na kuanza kazi 2016. Hiyo ndiyo inayosajili walimu, kuwathibitisha kazini, kuwapandisha vyeo na kusimamia nidhamu yao, na ina ofisi ya wilaya chini ya Katibu Msaidizi. Mkurugenzi wa Halmashauri ndiye mwajiri wako wa kila siku: ruhusa ya masomo, likizo, madai ya malimbikizo na taarifa zako za mshahara zinapita kwa maafisa utumishi wake. Kwa hiyo mwalimu aliyecheleweshwa daraja akienda kulalamika kwa Afisa Elimu pekee anazunguka. Na aliyecheleweshewa malipo ya likizo akienda TSC anazunguka vilevile.

Uhamisho wa kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine uko kwa OR-TAMISEMI, yaani Ofisi ya Rais, Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Wathibiti ubora wa shule wako chini ya Wizara ya Elimu. Mitaala na mafunzo ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu kwa Walimu Kazini, yako kwa Taasisi ya Elimu Tanzania, TET. Usahihishaji wa mitihani ya taifa ni wa Baraza la Mitihani, NECTA. Ajira mpya zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ukipata tangazo kwenye simu, kabla hujalisambaza, fungua tovuti ya taasisi husika yenye mwisho wa go.tz na ulitafute huko. Kama halipo, piga simu ofisi ya Afisa Elimu Kata.

Majina

Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, na mwombaji hajui. Chukua karatasi moja, andika jina lako kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, cheti cha ualimu, kitambulisho cha NIDA, barua ya ajira na hati ya mshahara. Linganisha herufi kwa herufi. Mwanahamisi na Mwanahamis ni watu wawili mbele ya mfumo. Kwetu pwani tatizo hili ni kubwa zaidi kwa sababu jina la babu mara huandikwa, mara huachwa, na mwanamke aliyeolewa huanza kutumia ubini wa mume kwenye benki huku vyeti vikibaki vya zamani.

Tofauti ndogo ya tahajia mara nyingi hukubaliwa kwa hati ya kiapo ya wakili au hakimu. Jina likibadilika kabisa, inatakiwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Kama kosa liko NIDA, anza huko, maana mifumo mingine mingi inavuta taarifa kutoka kwao.

Jalada lenye kujitosheleza

Weka nakala ngumu kwenye faili moja na nakala za kuskani kwenye barua pepe yako, kila hati kwenye faili lake la PDF lenye jina linaloeleweka. Ziwepo: barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, barua zote za kupandishwa daraja, vyeti vya taaluma na matokeo yake kamili, namba ya usajili ya TSC, hati ya mshahara ya karibuni, na vyeti vya mafunzo uliyohudhuria. Barua ya kuthibitishwa ndiyo inayosahaulika sana. Kipindi cha majaribio ni miezi 12, na kama hukuthibitishwa, kila ombi la mbele litasimama hapo. Mwalimu mwenye miaka minne kazini asiye na barua hiyo asisubiri kukumbushwa. Aandike TSC kupitia kwa mkuu wake wa shule wiki hii.

Kila barua unayopeleka mjini, beba nakala mbili na upitie masjala. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua uliyomwachia mtu mezani, hata akiwa mwema kiasi gani, haina kumbukumbu namba, na ikipotea huna cha kuonyesha. Kwa mwalimu anayetoka Makurunge kwa bodaboda, muhuri huo ni tofauti ya safari moja na safari tatu.

ESS na PEPMIS

Ujazaji wa OPRAS, zile fomu za zamani za tathmini za makaratasi, umeisha. Sasa tathmini ya mtumishi iko kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji, ndani ya ESS, mfumo wa mtumishi kujihudumia (ess.utumishi.go.tz), unaoingia kwa cheki namba yako, ile namba ya mtumishi iliyo kwenye hati ya mshahara, na nywila. Huko huko ndiko maombi ya uhamisho na likizo yalikohamia.

Mwaka wa tathmini unafuata mwaka wa fedha, 1 Julai hadi 30 Juni. Mwanzoni unajaza majukumu yako na shabaha zake, unamtumia msimamizi wako, anaidhinisha. Kisha unajaza utekelezaji kadiri kazi inavyoendelea, naye anakupima. Andika jukumu linalopimika. "Kufundisha Hisabati" halipimiki. "Kufundisha mada zote za Hisabati Darasa la V na kutoa jaribio moja kila mwezi" linapimika, na ushahidi wake upo: azimio la kazi, andalio la somo, orodha ya alama.

Kinachoharibika mara kwa mara ni hiki: mwalimu amejaza vizuri, lakini jukumu limebaki kwa msimamizi bila kuidhinishwa, na alama zinasomeka sifuri. Au amehamishwa kutoka Zinga kwenda Yombo na mfumo bado unamtambua mkuu wa shule ya zamani kama msimamizi wake. Ingia mwenyewe kila mwezi uangalie hali ya kila jukumu. Msimamizi akiwa si sahihi, afisa utumishi wa halmashauri ndiye anayerekebisha. Usimpe mtu wa duka la stationery nywila akujazie. Kilichojazwa kwa akaunti yako ni chako, na upandaji wa daraja unatazama hapo.

Kwenda kusoma bila kupoteza haki

Kwenye TGTS, ngazi za mishahara ya walimu wa serikali, mwalimu wa cheti huanza TGTS B, wa stashahada TGTS C, wa shahada TGTS D. Kwa hiyo kujiendeleza kuna faida ya wazi, lakini kubadilishiwa muundo baada ya masomo, yaani kupewa cheo cha elimu yako mpya, hakuji kwenyewe, na walimu wengi wazuri wameumia hapa.

Kwanza, omba ruhusa kabla ya kuanza, hata kama unasoma huku unafundisha, kwa mfano kupitia Chuo Kikuu Huria. Uwe umethibitishwa kazini, na jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Barua haihitaji maneno mengi:

"Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Bagamoyo. Kupitia kwa: Mwalimu Mkuu, Afisa Elimu Kata, Afisa Elimu Awali na Msingi. YAH: MAOMBI YA RUHUSA YA MASOMO YA SHAHADA YA ELIMU. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mwenye cheki namba ..., nimethibitishwa kazini tarehe .... Nimedahiliwa kusoma ... katika chuo cha ... kwa miaka ... kuanzia .... Naambatisha barua ya udahili, barua ya kuthibitishwa kazini na hati ya mshahara."

Kila anayepitisha aweke maoni, saini na muhuri. Barua iliyoruka ngazi hurudishwa.

Pili, chagua kozi ya ualimu yenye masomo unayofundisha. Shahada ya biashara inaweza kuwa nzuri kwa maisha yako, ila haikubadilishii muundo wa mwalimu. Tatu, piga hesabu ya mshahara mapema. Mwalimu wa cheti aliyepanda madaraja kwa miaka mingi anaweza kuwa tayari ana mshahara unaozidi kianzio cha TGTS D. Muulize afisa utumishi cheo kipya kitakuwa kipi na mshahara wako utalindwaje, kabla hujalipa ada. Nne, usipange maisha kwa kutegemea mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kwa sababu mikopo hiyo imelenga wasio na kipato cha ajira rasmi.

Ukimaliza, peleka cheti na matokeo kamili pamoja na nakala ya ile barua ya ruhusa. Ikama, yaani idadi ya watumishi na vyeo vyao, na bajeti ya mishahara hupangwa miezi mingi kabla ya Julai. Aliyepeleka vyeti Juni ameshaukosa mwaka unaofuata, hata kama hakuna mtu aliyemkosea.

ADEM iko mlangoni

Walimu husafiri kutoka mikoa ya mbali kuja Bagamoyo kusoma uongozi, na sisi tunapita mbele ya geti lake. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, inatoa stashahada ya uongozi na utawala katika elimu na ile ya uthibiti ubora wa shule, pamoja na mafunzo mafupi kwa wakuu wa shule, walimu wakuu na maafisa elimu kata. Mwalimu anayetaka kuwa mwalimu mkuu, au kuhamia uthibiti ubora, asingoje ateuliwe ndipo asome. Aombe ruhusa kwa utaratibu ule ule, na ada ailipe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu.

Uteuzi wenyewe unaangalia kinachoonekana shuleni. Jumuiya za Ujifunzaji za MEWAKA ni mahali pazuri pa kuonekana, na kwa bahati mbaya shule nyingi huzifanya kwa kutimiza wajibu tu. Jitolee kuratibu. Chagueni tatizo moja, mfano watoto wa Darasa la III wasiosoma kwa ufasaha, someni moduli husika ya TET, mmoja afundishe wengine wakitazama, kisha mjadili. Andika daftari lenye tarehe, mada, waliohudhuria, mlichokubaliana na saini ya mwalimu mkuu. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika Januari 2024, walimu wanaoweza kuwaelekeza wenzao wanatafutwa hasa, na daftari hilo ni ushahidi usiopingika.

Walimu wa sanaa wasiisahau TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na walimu wa michezo wajitokeze mapema kwa afisa michezo kabla ya UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, maana makocha na waamuzi huchaguliwa kutoka kwa wanaojulikana. Mwenye Kiswahili kizuri na Kiingereza cha kutosha aangalie mafunzo ya Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na kuingia kwenye kanzidata yao ya wataalamu.

Kwa wanaojitolea wakisubiri ajira

Tangu Januari 2025 walimu waombaji wa ajira wanafanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira. Akaunti ya Ajira Portal, mfumo wa maombi wa Sekretarieti hiyo, ijazwe leo, isiwe siku ya tangazo. Vyeti vya kitaaluma na cha kuzaliwa viwe nakala zilizothibitishwa na wakili. Hati za matokeo za kidato cha nne na sita hazipokelewi badala ya vyeti, wala matokeo ya muda ya chuo. Barua ya maombi iwe na saini. Waliosoma nje ya nchi vyeti vyao vihakikiwe na NECTA kwa sekondari, NACTVET kwa vyuo vya kati au TCU kwa vyuo vikuu. Mtumishi wa umma aliyepata sifa za kada nyingine apitishe barua kwa mwajiri wake.

Msimu wa matangazo ni msimu wa matapeli. Mtu akipiga simu akataja cheki namba yako na shule yako, kisha akaomba hela ya "kusukuma" daraja au uhamisho, kata simu. Taarifa hizo hupatikana kirahisi. Hakuna daraja linalolipiwa.

Uhamisho

Ombi lijazwe ESS likiwa na sababu na viambatisho vyake: cheti cha ndoa, ripoti ya hospitali ya rufaa, chochote kinachothibitisha. Kubadilishana hufanikiwa zaidi mkiwa wa ngazi moja na masomo yanayofanana, kwa kuwa mkuu wa shule hatakubali kumwachia mwalimu wa Fizikia akaletewa wa Historia. Uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna malipo, kwa hiyo weka akiba ya kusafirisha mizigo. Usiondoke kituoni kabla ya kushika barua na kukabidhi vifaa kwa maandishi. Ukifika, ripoti kwa mwajiri mpya, kisha mwezi wa kwanza na wa pili angalia hati yako ya mshahara kama halmashauri imebadilika, na ESS kama msimamizi wako ni wa shule uliyopo.