Python inakula RAM: ninavyomsaka mhusika

Seva moja ninayoihudumia hapa Arusha ina RAM ya GB 2 tu, na kazi yake ni kuendesha programu ya Python inayopiga hesabu za safari kwa ofisi ya utalii. Julai wageni walipopamba moto, ikawa inakata kila alasiri. Ofisini wakawa wanaizima na kuiwasha, mimi naambiwa niongeze RAM. Nikasema ngoja kwanza.

1. Hakikisha ni memori kweli

    dmesg | grep -i "killed process"

Ukikuta jina la mchakato wako (yaani programu yako inayokimbia) hapo, basi Linux yenyewe ndiyo iliyouua kwa kuishiwa memori. Sasa pima, ukiweka namba ya mchakato wako mwishoni:

    ps -o rss= -p 4127

Jibu linakuja kwa KB. Rudia kila baada ya dakika kumi, andika pembeni. Ikipanda halafu ikatulia, usihangaike. Python haina haraka ya kurudisha memori: vitu vya hadi baiti 512 huvipanga kwenye mabonge (MB 1 kila moja kuanzia toleo la 3.10), na bonge halirudi mpaka liwe tupu kabisa. Ni Hiace ya Ngaramtoni hiyo, abiria mmoja akigoma kushuka gari haliendi gereji. Yangu haikutulia.

2. Piga picha mbili

tracemalloc ni chombo kinachoandika kila mstari wa programu umechukua memori kiasi gani, na picha zake ni za hali hiyo kwa wakati fulani. Imo ndani ya Python tangu 3.4, huna cha kusakinisha. Iwashe juu kabisa ya faili la kwanza, maana memori iliyochukuliwa kabla yake haiioni.

    import tracemalloc
    tracemalloc.start()

Picha ya kwanza usiipige programu inapoamka. Utaona moduli zinapakiwa tu na utamshika asiyehusika. Mimi niliiacha ifanye kazi nusu saa kwanza.

    a = tracemalloc.take_snapshot()
    # acha wateja waitumie, saa moja hivi
    b = tracemalloc.take_snapshot()
    for s in b.compare_to(a, "lineno")[:10]:
        print(s)

Inapunguza kasi, kwa hiyo ukimaliza izime. Na kama ps inapanda lakini hapa kumetulia, geukia maktaba zilizoandikwa kwa C. Nyingine huchukua memori bila kupitia kwa Python.

3. Soma mstari wa kwanza

    makadirio.py:88: size=412 MiB (+371 MiB), count=50213 (+45190), average=8604 B

Yaani kati ya picha mbili, mstari wa 88 wa makadirio.py uliongeza MiB 371. Uko ndani ya fanksheni niliyoifunika kwa lru_cache, inayohifadhi majibu ili hesabu ileile isirudiwe. Kikomo chake cha kawaida ni majibu 128. Kuna mjuaji alikiondoa kwa maxsize=None. Mjuaji huyo ni mimi. Nikaiita cache_info, inayotoa takwimu za hifadhi hiyo:

    CacheInfo(hits=3, misses=50210, maxsize=None, currsize=50210)

Hits tatu, yaani jibu lililohifadhiwa lilitumika tena mara tatu tu! Miongoni mwa vigezo nilikuwa napitisha muda wa ombi mpaka sekunde, kwa hiyo kila ombi lilionekana jipya, jibu likahifadhiwa, na hakuna aliyelirudia tena.

4. Rekebisha, upime tena

Nilitoa muda kwenye vigezo, nikaweka maxsize=256. Rafiki alishauri nitawanye gc.collect, amri ya kumwita mzoa taka wa Python, kila kona. Isingefaa kitu, kwani mzoa taka hagusi kitu ambacho bado kimeshikiliwa, na lru_cache ilikuwa imekishikilia barabara.

Siku iliyofuata ps ilikaa kwenye MB 190 mpaka jioni. Ofisini bado wanaizima na kuiwasha kila Jumatatu.