Somo: Jinsi ya kuchagua kitabu cha kutambulia tai, mwewe na kozi

Ndege mbuai ndio mtihani wa kitabu. Tai hubadilisha rangi kwa miaka mingi kabla ya kukomaa, wengine wana weusi na weupe ndani ya spishi ileile, na mara nyingi unamwona akiwa juu sana, jua liko nyuma yake, umebakiwa na umbo tu. Kwa hiyo ukiwa dukani usipoteze muda kwenye kurasa za chozi na kurumbiza. Nenda moja kwa moja kwenye tai.

Hatua ya 1: Eneo

Waongoza watalii wengi huachiwa vitabu na wageni, na baadhi ni vya Ulaya. Shukuru, halafu kiweke kabatini. Pungu hayumo, furukombe hayumo.

Kwetu kuna vitatu vinavyojulikana sana. Birds of East Africa cha Terry Stevenson na John Fanshawe kilitoka 2002, toleo la pili 2020. Kinashika Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Kile cha Zimmerman, Turner na Pearson ni cha Kenya na Tanzania ya kaskazini. Kina maelezo mazuri, lakini mtu wa Iringa au Mtwara asikifanye kitabu chake cha kwanza. Cha tatu ni cha Sinclair na Ryan, cha Afrika yote kusini mwa Sahara. Kinamfaa anayevuka mipaka mara kwa mara. Kwa anayeanza kina kasoro: kinakuwekea mbele tai wasiofika kwenu kabisa, nawe utawachagua, maana ndivyo wanaoanza tulivyo.

Hatua ya 2: Fungua ukurasa wa pungu

Hapa usiwe na haraka. Pungu aliyekomaa ni rahisi: mkia mfupi mno hata miguu inachomoza nyuma yake akiruka. Kitabu kizuri kitakuonyesha dume na jike wakiruka, wakitazamwa kutoka chini. Dume ana ukingo mpana mweusi nyuma ya bawa, jike ana mstari mwembamba tu. Kisha tafuta mchanga wake, yaani yule ambaye hajakomaa: ni kahawia mwili mzima, hana uso mwekundu, na mkia wake ni mrefu kuliko wa wazazi. Huyo ndiye anayewachanganya watu mbugani, na hukaa miaka mingi akibadilika polepole kabla ya kufanana na wakubwa.

Kama kitabu kina pungu mmoja tu, dume mwenye uso mwekundu aliyetua juu ya mti, kirudishe. Ni kitabu cha kupamba meza.

Hatua ya 3: Mtihani wa tai wawili wa kahawia

Tafuta Aquila rapax, tai wetu mkaazi, na Aquila nipalensis, anayekuja kutoka nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia. Kwa mbali ni ndugu. Kwa karibu, angalia pembe ya kinywa, ule mstari wa manjano unaoanzia mdomoni kwenda nyuma. Kwa rapax unaishia karibu na katikati ya jicho. Kwa nipalensis unafika hadi ukingo wa nyuma wa jicho. Kitabu kinachojua kazi yake kitakuchorea vichwa viwili kwa ukubwa wa kutosha kuona jambo hilo.

Hapohapo soma ramani na miezi. Nipalensis ni mgeni wa kuanzia Oktoba hivi hadi karibu Aprili. Ukiona tai wa kahawia Julai, kitabu chenye miezi kimekwisha kukupunguzia kazi kabla hujainua darubini.

Hatua ya 4: Rangi zaidi ya moja

Shakivale wa nyanda za juu, Buteo augur, yupo mwenye kifua cheupe na yupo mweusi. Wote wawili, wakikomaa, wana mkia mwekundu. Ukimkosa yule mweusi kitabuni, ukifika Ngorongoro utadhani umegundua ndege mpya.

Hatua ya 5: Michoro au picha?

Mimi ni mtu wa michoro. Mchoraji huwapanga ndege sita katika mkao mmoja na mwanga mmoja, ukaona tofauti. Picha ni ya ndege mmoja, siku moja, na jua la siku hiyo. Picha ziwe za nyongeza.

Mengineyo ni madogo: maelezo yakabiliane na michoro, jalada livumilie jasho, uzito usikufanye ukiache kwenye gari.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, simu yangu ina Merlin, ile programu ya kutambua ndege. Bado nahitaji kitabu?*

Merlin ni ya bure na ukishapakua kifurushi cha nchi inafanya kazi bila mtandao, kwa hiyo usiifute. Ila nguvu yake kubwa ni sauti, na tai wengi angani wako kimya. Furukombe ndiye mwenye kelele, na huyo humhitaji Merlin. Picha ya simu ya tai aliye mbali ni nukta nyeusi. Programu itabahatisha kama wewe.

*Nipo Dar, naona mwewe tu. Si hasara kununua kitabu kizima?*

Mwewe peke yake ana somo. Wakaazi waliokomaa wana mdomo wa manjano. Wahamaji kutoka kaskazini wana mdomo mweusi. Lakini mchanga wa mkaazi naye ana mdomo mweusi, hivyo kitabu kinachotaja mdomo bila kutaja umri kitakupotosha. Tena mvua za vuli zikinyesha na kumbikumbi wakitoka, tazama juu: kozi wa Amur hupita wakielekea kusini mwa Afrika, nao hula kumbikumbi hewani.

*Shikamoo mwalimu. Mimi nataka tumbusi hasa, tunafuatilia mizoga iliyotiwa sumu.*

Marahaba mwanangu, kazi njema hiyo. Ongeza African Raptors cha Clark na Davies, 2018, ni cha ndege mbuai peke yao. Kwa tumbusi wawili walio hatarini sana kwenye mizoga yenu: wa Rüppell aliyekomaa ana mdomo wa rangi nyepesi na manyoya yenye madoa kama magamba, mgongo-mweupe ana mdomo mweusi. Wachanga wao wanafanana mno. Usipokuwa na hakika andika "tumbusi mchanga" kwenye rekodi, usikisie. Na msiguse mzoga kwa mikono mitupu.

*Nimepata toleo la 2002 la Birds of East Africa kwa muuza vitabu vilivyotumika, bei nafuu. Nichukue?*

Chukua, ila hesabu kwanza kurasa za michoro ya tai zisiwe zimechomolewa. Baadhi ya majina ya kisayansi yamebadilika: tai wa Wahlberg, kwa mfano, siku hizi hawekwi tena kwenye jenasi ya Aquila bali Hieraaetus. Andika jina jipya pembeni kwa penseli.