Jinsi ya kuhakiki Jaguar E-Type iliyokarabatiwa: namba, hati, kisha bodi

Rangi mbaya hupigwa upya, lakini gari likishachafuka utambulisho, hakuna fundi wa kulisafisha. Kwa hiyo anza na namba. Maelezo haya ni ya Series 1, toleo la kwanza la gari hili la michezo, zilizotoka kiwandani Coventry, Uingereza, kuanzia 1961, zenye injini ya lita 3.8 na baadaye 4.2. Beba tochi, kioo chenye mpini, thina, kitambaa na sumaku.

Hatua ya 1: Soma namba kwenye chuma

Kibao cha chumba cha injini si ushahidi, kwani vibao vipya vinauzwa na hugongwa namba yoyote. Namba ya chasisi iko kwenye fremu ya mbele, kulia, juu ya shokapu. Ya injini iko kwenye bloku juu ya filta ya oili, na hurudiwa kwenye silinda hedi. Ya giaboksi iko kona ya nyuma kushoto ya kasha lake, na pia kwenye mfuniko.

Futa kwa thina, usipige msasa. Mulika kutoka ubavuni: mikwaruzo ya grainda chini ya tarakimu, au tarakimu zilizopinda kuliko nyingine, huonyesha namba imegongwa upya.

Hapa wengi hukosea. Fremu ya mbele imefungwa kwa bolti, hivyo gari lililopata ajali au kuliwa na kutu hubadilishiwa fremu na kugongwa namba tena. Huo si udanganyifu, mradi muuzaji ana picha za fremu ya zamani au kipande chake chenye namba. Akikosa vyote viwili, usitegemee namba ya fremu; shikilia namba ya bodi.

Hatua ya 2: Tafsiri namba

Kwa 3.8 ya usukani wa kulia, gari la wazi huanzia 850001 na la paa gumu 860001. Usukani wa kushoto ni 875001 na 885001. Magari mengi yaliyouzwa Marekani yalirudishwa Uingereza na kuhamishiwa usukani kulia, namba haihami. Kwenye 4.2 namba huanza na 1E. Herufi BW mwishoni ni giaboksi ya otomatiki ya 2+2 (aina yenye viti viwili vidogo nyuma), hivyo ukikuta gia za mkono, gari limebadilishwa.

Injini ya 3.8 huanza na R, ya 4.2 na 7E. 8 au 9 mwishoni ni uwiano wa mgandamizo ndani ya silinda. Giaboksi yenye namba inayoanza na EB ni ya 3.8, na EJ ni ya 4.2. Ukiikuta 3.8 na EJ, mtu aliikimbia gia ya kwanza ya EB isiyo na sinkromeshi (kifaa kinachofanya gia ziingie bila kukwaruzana). Linaendesheka vizuri zaidi, ila bei ishuke.

Hatua ya 3: Cheti na wamiliki

Omba cheti cha Jaguar Daimler Heritage Trust, taasisi inayotunza kumbukumbu za kiwanda. Kinaonyesha namba zote, rangi za awali, tarehe na wakala aliyepokea gari. Kinaeleza kilichotoka kiwandani tu, si kilicho mbele yako.

Chora jedwali: mwaka, mmiliki, namba ya usajili, rangi, maili. Lijaze kwa kadi za zamani zenye mihuri ya halmashauri, risiti za gereji na vyeti vya MOT, yaani ukaguzi wa magari wa Uingereza (vya kuanzia 2005 vinaonekana mtandaoni). Miaka mitupu si kosa; maili zinazopungua ndizo za kuulizia.

Hatua ya 4: Bodi

Dai picha za bodi ikiwa chuma kitupu. Vizingiti vya chini ya milango vikikatwa bila bodi kufungwa mihimili, bodi hulegea na nafasi za milango hazirudi sawa. Pitisha sumaku chini ya milango: isiposhika, kuna puti nene. Mabomba ya fremu huoza kutoka ndani, kwa hiyo yagonge kidogo usikie kama yanalia sawa.

Injini ikiwa moto, presha ya oili iwe karibu psi 40 kwenye mizunguko 3000 kwa dakika. Mwisho, ingia chini nyuma: breki ziko ubavuni mwa difu (kasha la gia za magurudumu ya nyuma), na sili za difu, yaani mipira ya kuzuia oili, zikivuja, oili hulowesha diski. Kuzibadilisha hulazimu kushusha mfumo mzima wa nyuma, kwa hiyo dai risiti ya kazi hiyo kabla ya kutaja bei.